Maiki Tatu na Tambuu ya Mjomba Welbirth

Kordor Thangkhiew hakumruhusu mtu yeyote kuingia katika chumba chake cha kurekodia akiwa na tambuu mdomoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na aliishika kwa miaka kumi na minne bila kumwonea mtu haya. Aliiandika kwa rangi nyeusi kwenye kibao, akakipigilia mlangoni: TEMA NJE. Chini ya kibao aliweka kopo kubwa la maziwa ya unga, la kutemea. Mchungaji alitema. Mheshimiwa mmoja aliyekuja kurekodi wimbo wa uchaguzi alitema pia, ingawa alinung'unika. Mkewe mwenyewe, Syrpai, alipomletea chakula siku moja akiwa na midomo myekundu, Kordor alikipokea kile chakula mlangoni na mke akabaki nje.

Sisi watu wa Mawlai, mtaa wetu wa mlimani, tulimcheka. Kwetu mgeni hajapokewa mpaka amepewa popoo, jani na chokaa, na hata mtu akifa tunasema amekwenda kula tambuu nyumbani kwa Mungu.

"Bah Kordor," watu walimwambia, wakimpa jina la heshima na huku wakimdhihaki, "Mungu mwenyewe anatupa tambuu, wewe ni nani wa kutunyima?"

"Mungu hana maiki," alijibu.

Sheria ile haikutoka hewani. Alipoanza kazi, alimrekodi mzee mmoja wa kwaya akipiga wimbo wa kanisa kwa gitaa tupu, na kanda ikapelekwa redioni. Katikati ya wimbo palikuwa na kituo cha mapigo manne, kimya kitakatifu, na ndani ya kimya kile ikasikika taya ya mzee: chwa, chwa, chwa. Kanda ilirudishwa na barua fupi. Baadaye Kordor aliambiwa kwamba ofisi nzima ya redio iliisikiliza mara tatu kwa ajili ya kicheko. Tangu siku hiyo akapigilia kibao. Mimi nasema wazi kwamba sheria ilikuwa nzuri, na alifanya vyema kuwatendea wote sawasawa. Sheria inayomlegezea mkubwa si sheria, ni adabu ya uongo tu.

Chumba chenyewe hakikuwa chake. Nyumba ya mama yao ilikwenda kwa dada yake Theilin, binti wa mwisho, kama inavyopasa kwetu, na Kordor, kama mume yeyote, alikaa mtaa wa Jaiaw, nyumbani kwa mama wa mkewe. Kila asubuhi alishuka Jaiaw, akavuka daraja, akaupanda mlima wa Mawlai hadi kwa dada yake, katika chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa cha viazi na kuni. Alikizungushia mablanketi ukutani na trei za mayai darini. Juu ya dari palikuwa na bati, na kwa sababu ya bati hilo miezi ya mvua haikuwa ya kurekodi. Miezi hiyo alitengeneza redio na pasi za watu.

Wakati wa kisa hiki alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa na alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alikuwa amewasikiliza watu miaka kumi na minne, kwaya baada ya kwaya, vijana waliotaka gitaa lilie kama la kwenye kaseti za ng'ambo, wazazi wenye mabinti wasio na sauti. Mgongo ulimuuma kwa kupiga magoti mbele ya magitaa, na sikio lake la kushoto lilikuwa na mlio mwembamba usiozima. Syrpai alimwambia aache. Alijibu kwamba ataacha akishamrekodi Mjomba.

Mjomba ni Welbirth Thangkhiew, kaka wa mama yao, wa ukoo uleule maana kwetu ukoo hutoka kwa mama, mkulima wa viazi wa kijiji cha Laitlyngkot. Kwa miaka zaidi ya arobaini alipiga gitaa kwenye kibanda cha chai kando ya uwanja wa kulenga mishale, wanaume waliocheza kamari wakisubiri mishale ya siku ihesabiwe. Kidole gumba chake kilitembea kama ngoma ya mavuno, na vidole vingine vikakijibu. Katika kupiga huko alitunga nyimbo saba zisizo na maneno. Hakuwahi kumfundisha mtu, kwa kuwa kila aliyejaribu kujifunza alikata tamaa siku ya pili. Hazikuwahi kurekodiwa. Na sasa kisukari kilikuwa kimeanza kumtia ganzi vidoleni. Nyimbo zile zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mikono ilikuwa inakufa. Kordor alilijua hilo, Theilin alilijua, na mzee mwenyewe alilijua kuliko wote.

Alifika Jumatano moja ya Februari, saa tatu asubuhi, gitaa limefungwa kwa shali ya sufu na kubebwa mgongoni kama mtoto mchanga.

"Mpwa," alisema, "nimekuja kabla mikono haijaniaga."

"Usiseme hivyo, Mjomba."

"Nisemeje? Juzi nimeshika sufuria motoni. Kwamba ninaungua nimejua kwa harufu."

Akasoma kibao cha mlangoni, akiihamisha tambuu kutoka shavu hili hadi lile.

"Na mimi kinanihusu?"

Kordor alitazama miguu yake. Kwetu kauli ya mjomba ndiyo kauli. Angesema neno moja, kibao kingeng'olewa.

"Kinamhusu kila mtu, Mjomba."

"Hata aliyekubeba mgongoni ukamkojolea shati la Jumapili?"

"Hata yeye."

Mzee alicheka, akainama juu ya kopo, akatema. "Vizuri. Ukinilegezea mimi, kesho Mawlai nzima itakuwa wajomba zako." Akapangusa midomo kwa kiganja, akaingia.

Kordor alilitoa nje jiko la makaa, maana makaa hupasuka na maiki husikia. Akasimamisha saa ya ukutani. Theilin alikwisha kuwafungia kuku upande wa pili wa nyumba. Chumba kikawa kimya na baridi kama kisima.

Maiki zake zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ile kubwa, aliyoinunua Kolkata baada ya kuweka akiba kwa miaka mitatu na kuitunza kwenye boksi lenye pamba. Hiyo ilisikia kila kitu: pumzi, kifungo cha shati kikigusa ubao, lori likipanda mlima wa mbali. Ya pili kwa kweli ilikuwa jozi, mbili nyembamba kama kalamu, zilizopenda mng'ao wa nyuzi na mikwaruzo ya kucha. Ya tatu ilikuwa ya jukwaani, kichwa chake kimebonyea, iliyotumika kutangazia mabao ya mpira na mnada wa kanisa. Hiyo ilikuwa kiziwi. Ilisikia kilichokuwa mbele ya pua yake, basi. Kordor aliiita "tarishi" na aliidharau.

Namna yake ya kuchagua ilikuwa ya heshima na nitaieleza. Hakuanza na maiki. Alimwomba mpigaji apige, akapiga magoti, akaziba sikio moja kwa kidole, na kulizungusha sikio la pili polepole kuzunguka gitaa kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Mbele ya tundu la gitaa kuna mngurumo unaomeza kila kitu. Karibu na pale nyuzi zinapofungwa kuna ukavu. Pale shingo inapokutana na mwili, shubiri moja na nusu kutoka kwenye nyuzi, mara nyingi ndipo gitaa husema kweli. Sikio likiridhika, aliiweka maiki palepale sikio lilipokuwa.

Basi alifanya hivyo, akaiweka ile kubwa. Akavaa hedifoni, akawasha kompyuta, akainua mkono.

Mjomba alianza na wimbo alioupa jina la Soko la Siku ya Nane, lile soko letu linalorudi kila siku ya nane. Kordor alisikia kila uzi ukiwa safi kama maji ya mwambani. Lakini wimbo haukuwemo. Kidole gumba kilichelewa kidogo, kisha kikaharakisha kufidia, na vidole vingine vikajibu swali ambalo halikuulizwa.

Kordor alifikiri ni maiki.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa la mtu anayeijua kazi yake. Asiyejua maiki angemtazama mzee. Kordor aliitazama maiki. Aliona kwamba kubwa inakusanya mwangwi wa chumba na kuyavuruga mapigo, akaisogeza karibu. Akaona sasa inanguruma, akaigeuza pembeni. Akaongeza blanketi. Baada ya mara tisa aliitoa, akaweka zile nyembamba, moja shingoni, moja juu ya bega la kulia la mzee, mahali masikio ya mpigaji mwenyewe yalipo.

"Maiki ile haikukuelewa, Mjomba. Hizi zitakuelewa."

"Au nijitambulishe kwanza? Niitajie ukoo wangu?"

"Tuanze tena tu."

"Tuanze."

Mara ya kumi na saba Kordor alivua hedifoni na kusugua macho. "Kijijini ulipiga kwa uhai zaidi."

"Kijijini ulikaa juu ya gunia la viazi na chai mkononi. Hapa unanikodolea macho kama daktari."

"Nisikutazame?"

"Tazama, mpwa. Ni kazi yako. Mimi yangu ni kupiga."

Na akapiga. Wala hakulalamika. Alivipeleka vidole kwapani kuvipasha joto, akavirudisha kwenye nyuzi. Alikuja kwa hiari katika kazi ya mtu mwingine, na katika kazi ya mtu mwingine aliona ni haki kufuata. Naiheshimu adabu hiyo. Lakini siku ile watu wawili wenye adabu walikaa chumba kimoja wakaharibu kitu ambacho mtu mmoja mkorofi angekiokoa.

Saa sita Theilin aliingia na chai nyekundu na mikate ya mchele. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya sokoni, na alikuwa amekaa jikoni akisikiliza kupitia ukuta.

"Kaka, ni nani huyo anayepiga?"

"Mjomba. Nani mwingine?"

"Siyo Mjomba. Mjomba nilimsikia tangu tumboni mwa mama. Huyu anapiga kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua."

"Ndicho ninachosema!" Kordor alifurahi kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ni maiki. Hazimshiki."

Theilin alimtazama, akamtazama mzee, akatikisa kichwa na kuchukua vikombe. Alikuwa karibu kujua, lakini sufuria ilikuwa motoni.

Umeme ulikatika kwa saa nzima. Walikaa wakiusubiri, mzee akiwa amejikunyata ndani ya shali.

"Unavutiwa na nini katika kazi hii, mpwa?" aliuliza. "Umekonda."

"Nataka hizi nyimbo saba, Mjomba. Baada ya hapo napumzika."

"Saba ni nyingi kwa siku moja."

"Tukiipata ya kwanza, zilizobaki zitafuata."

"Haya."

Umeme uliporudi, Kordor alijaribu kubwa na nyembamba moja kwa pamoja. Akajaribu kubwa nyuma ya mzee. Akajaribu kumwondoa mzee kwenye kiti na kumkalisha sakafuni. Akakaza uzi, akalegeza uzi. Kila mara sauti ilitoka safi, na kila mara wimbo haukuwemo. Ilipofika saa tisa na nusu walikuwa wameupiga wimbo uleule mara thelathini na nne, na nyimbo nyingine sita hazijaguswa. Mzee sasa alipiga akiwa amefumba macho, na nadhani hakuwa anasikiliza tena.

Theilin aliingia bila kubisha hodi. Kordor aliruka kuzima kompyuta.

"Tunarekodi!"

"Hamrekodi chochote. Mtazame mdomo."

"Mdomo gani?"

"Mdomo wa Mjomba, mpumbavu wewe! Umetulia. Umewahi kumwona akipiga mdomo umetulia?"

Kordor aliitazama taya ya mzee. Alikuwa mkweli, hata pale ukweli ulipomuumiza, na akili yake ilimrudisha kwenye kibanda cha chai cha uwanja wa mishale. Alimwona mjomba wake wa miaka ya nyuma: shavu limetuna, taya inakwenda juu na chini bila haraka, na kidole gumba kikishuka kwenye uzi mnene kila taya ilipofunga. Kila mara. Miaka arobaini. Mzee hakuwahi kuhesabu mapigo kwa mguu wala kwa kichwa. Aliyahesabu kwa kutafuna.

"Mjomba," alisema taratibu, "ni kweli?"

"Sijui. Sijawahi kujitazama nikipiga." Mzee alifikiri. "Kuna kitu kimepungua tangu asubuhi, hilo ni kweli. Nilidhani ni uzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Kibao kinasema tema, nikatema. Ulitaka niteme halafu nilie?"

"Mpe tambuu," Theilin alisema.

"Sheria..."

"Nyumba ni yangu, chumba ni chako, sikulazimishi. Lakini kama unataka nyimbo, mpe. Kama unataka kibao, kaa nacho, mimi nimpeleke Mjomba jikoni akaote moto."

Kordor alikaa juu ya boksi la maiki kubwa. Aliniambia baadaye kwamba hakuona uchungu wa kuvunja sheria. Aliona uchovu tu, kama mtu aliyebeba mzigo hadi kileleni akaambiwa nyumba iko bondeni. Kisha akafanya hesabu ya kazi yake. Tambuu ikiingia, maiki kubwa haifai, itarekodi taya kuliko gitaa. Nyembamba nazo hazifai, kutafuna na kukwaruza ni ndugu kwao. Ikabaki moja.

Akaivuta ile ya jukwaani kutoka chini ya meza, akaipangusa vumbi kwa mkono wa sweta. Aliiweka karibu mno, vidole vinne tu kutoka kwenye ubao wa gitaa, chini, upande nyuzi zinakofungwa, ikitazama juu kidogo kuelekea tundu, na kisogo chake akakielekeza mdomoni mwa mzee, kwa sababu maiki ya namna ile haisikii kabisa kwa kisogo. Sauti itakuwa nzito na isiyong'aa. Alijua hakuna redio itakayoipenda.

Theilin alikunja jani mwenyewe, akapaka chokaa, akaweka popoo, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee alitafuna. Baada ya dakika chache mashavu yalipata rangi na jasho dogo likatokea kwenye paji la uso, katika chumba kilekile kilichokuwa na baridi ya kisima.

"Sasa nimefika," alisema mdomo ukiwa umejaa.

Soko la Siku ya Nane lilikuja mara moja, bila kurudiwa. Dakika nne na kidogo. Kordor alisikia wanawake wakishuka na vikapu vizito mgongoni, akasikia gumba likiwatangulia. Theilin alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Wimbo ulipokwisha Kordor hakuvua hedifoni.

"Unaofuata," Kordor alisema. "Ndugu Wawili. Usisimame, Mjomba."

Mzee alianza Ndugu Wawili. Hata robo yake haikufika, noti zikaanza kuteleza na kuzibwa. Kordor alitazama na kuona wekundu kwenye shingo ya gitaa, mistari myembamba kati ya nyuzi. Hasira ya siku nzima ikampanda.

"Mjomba, tambuu inakudondoka! Unachafua nyuzi!"

Mzee aliacha kupiga. Akaangalia shingo ya gitaa, akagusa midomo yake kwa mkono wa kulia, akaukagua.

"Sijadondosha," alisema.

Akageuza mkono wa kushoto. Ncha ya kidole cha kati ilikuwa imechanika kwa urefu, mpaka ndani, kama mtu aliyepasua ganda la njegere. Nyuzi za chuma zilikuwa zimeikata tangu mchana, na ngozi iliyokaushwa na baridi na kuchoshwa na mara thelathini na nne ilikuwa imeachia. Hakuhisi kitu. Aliitazama kwa mshangao, kama kidole cha jirani.

"Theilin," alisema, "lete maji. Mpwa wako... kaka yako ataanguka."

Kordor hakuanguka. Alizima kompyuta, akapiga magoti, akakishika kile kidole ndani ya leso mpaka maji ya moto yakaja. Walikifunga. Mzee alitaka kuendelea kwa vidole vitatu. Walimkatalia wote wawili, na hiyo ndiyo mara pekee siku ile waliyomkatalia jambo kwa pamoja.

"Kikipona utarudi," Kordor alisema.

"Kikipona," mzee alikubali.

Wenye kisukari wanajua habari ya vidonda vyao. Wiki ya pili kidole kilivimba. Wiki ya nne kikawa cheusi, na mwishoni mwa Machi madaktari walikikata kwenye kiungo cha kwanza ili kuuokoa mkono. Kordor alishinda siku mbili kwenye benchi la nje ya wodi, na mzee alipoweza kuzungumza alimwita.

"Usinune, mpwa. Wimbo mmoja unatosha kuwaudhi majirani."

Kordor hakucheka. "Ningekupa tambuu asubuhi ile, tungemaliza zote kabla ya saa sita. Kidole kisingechanika."

"Ungenipa asubuhi, ningesema huyu naye ni wa kuonea watu haya kama wengine."

Mzee alimwambia hivyo kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Mimi siipokei. Sheria ilitungwa ili maiki isisikie taya, na palikuwa na maiki isiyosikia taya chini ya meza, ikiwa na vumbi, siku nzima. Kordor hakuiangalia kwa sababu aliidharau, na hakumwangalia mzee kwa sababu alikuwa ameshaamua tatizo liko wapi. Uadilifu bila kumtazama mtu aliye mbele yako ni uvivu uliovaa suti.

Wakati wa mvua alikwenda Laitlyngkot mara tatu na kumwomba Mjomba azitie zile nyimbo sita mdomoni, azivumishe tu, yeye atatafuta mpigaji. Mzee alijaribu. Alivumisha kidogo, akapotea, akaanza tena mahali pengine. Nyimbo hazikuwa kooni mwake. Zilikuwa kati ya taya na gumba na vidole vya kushoto, na kimoja kati ya hivyo hakikuwepo.

Kordor hakuacha kazi kama alivyomwahidi Syrpai. Kibao bado kiko mlangoni, na kopo liko chini yake. Lakini siku hizi mpiga gitaa akimjia, hamwingizi chumbani siku ya kwanza. Anakwenda kwake, anakaa jikoni, anamtazama akipiga vile anavyopiga siku zote, akiwa na kile alicho nacho mdomoni, na mtoto mgongoni kama yupo. Kisha anarudi na kuchagua maiki. Wengine hawana subira ya siku mbili na wamehamia kwa warekodi wengine mjini. Anaupanda mlima wa Mawlai polepole zaidi kuliko zamani, na mara nyingi chumba hakina mtu.

Ule wimbo mmoja upo. Sauti yake ni nzito, haing'ai, na redio haikuutaka.

Kuishika sheria yake hadi saa tisa na nusu kulimgharimu Kordor Thangkhiew nyimbo sita ambazo hakuna mtu mwingine aliyezijua, na kulimgharimu mjomba wake kiungo cha kidole cha kati cha mkono wa kushoto.